Maji ya moto, ya fufutende au ya baridi: ulinganisho kwa mwenye MS asiyestahimili joto

Mtu mwenye multipo sklerosisi, ugonjwa wa neva ambao wengi huuita MS tu, anaingia bafuni kwa miguu yake, anaoga maji ya moto robo saa, na anapotaka kutoka miguu haimtii. Mwingine miguu iko sawa, ila lile jicho lililowahi kuugua linaingiwa na ukungu. Akilala chini ya feni, baada ya nusu saa hivi hali inarudi ilivyokuwa. Ndugu walio mlangoni wanaamua moja kati ya mawili: ugonjwa umepanda, au mwenzetu anajidekeza. Yote mawili si kweli.

Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1890. Aliona wagonjwa wanafifiwa na macho wakifanya kazi ya kutoa jasho, naye akadhani kinachowaponza ni ile kazi. Baadaye ndipo ilipodhihirika kwamba kiini ni joto la mwili. Kwa miaka mingi kabla ya mashine za MRI zinazopiga picha za ubongo, madaktari walilitumia kama kipimo: aliyeshukiwa kuwa na MS alizamishwa katika maji ya moto na kuangaliwa dalili zinazojitokeza. Kipimo hicho kiliachwa, na vizuri, kwa kuwa wapo waliochelewa kurudi hali yao.

Kinachotokea ndani ni hiki. MS hula mielini, lile ganda la mafuta linaloufunika uzi wa neva. Uzi uliochubuka bado unapitisha ujumbe, lakini kwa akiba ndogo sana. Joto likipanda, vijilango vya sodiamu kwenye uzi huo vinafunga upesi kuliko kawaida, na ujumbe unakatika njiani. Kupanda kwa nusu nyuzi ya Selsiasi kunatosha kumfanya mtu ashindwe kushika kikombe. Mwili ukipoa, ujumbe unapita tena. Joto lenyewe halili mielini wala haliongezi makovu kwenye ubongo. Inakadiriwa watu 6 hadi 8 katika kila 10 wenye MS wana shida hii. Waliobaki wanaweza kuoga watakavyo, na wapo hata wanaoteswa na baridi zaidi kuliko joto, tutawafikia.

Pima nyuzi, dakika, na sehemu ya mwili iliyozama

Maji ya nyuzi 38 si kitu kimoja ukiwa umejimwagia kwa kopo na ukiwa umezama hadi shingoni. Tofauti inaonekana kwa hesabu ndogo. Mwili wa kilo 60 unahitaji takriban kilojuli 210 za nishati ili joto lake lipande nyuzi 1, kwa hiyo nusu nyuzi ni kama kilojuli 105. Mtu aliyetulia huzalisha joto la wati 90 hivi, sawa na kilojuli 5 na ushee kila dakika. Akizama hadi shingoni kwenye maji yenye joto sawa na la mwili, joto hilo halina pa kutokea. Linajilimbikiza, na kwenye dakika ya 20 nusu nyuzi imekwisha kupatikana, bila yeye kufanya kazi yoyote. Maji ya nyuzi 40 yanaongeza joto la kwao juu ya hilo, kwa hiyo muda unakuwa mfupi zaidi. Maji pia hupitisha joto kama mara 25 zaidi kuliko hewa. Ndiyo maana mtu anayevumilia chumba cha nyuzi 32 siku nzima anaweza kulegezwa na beseni la nyuzi 38 kabla sabuni haijaisha povu.

Jedwali hili linahusu kuzama, si kujimwagia.

| Joto la maji | Mahali yanapopatikana | Yanafaa kwa nini | Yanapoharibu |
|---|---|---|---|
| 38–40 | Jakuzi, bafu la kulala | Karibu hayafai kabisa kwa asiyestahimili joto | Miguu kulegea ndani ya maji, presha kushuka ukisimama, hatari ya kuzama |
| 33–36 | Mabwawa ya tiba ya viungo | Kunyoosha misuli iliyokakamaa, bila kujikaza, dakika 10 | Ukianza mazoezi, joto linapanda bila wewe kuhisi |
| 30–32 | Mabwawa ya hoteli wakati wa kaskazi | Kunyoosha, kutembea polepole ndani ya maji | Mazoezi ya zaidi ya dakika 20 |
| 27–29 | Bahari yetu sehemu kubwa ya mwaka, mabwawa yenye kivuli | Mazoezi kamili | Ukikaa bila kujongea, baridi inakuingia |
| 25–26 | Mabwawa ya mashindano | Kuogelea kwa kasi | Misuli yenye mkazo inazidi kukakamaa |
| 16–17 | Beseni la maji yenye barafu | Kupoza miguu na mapaja kabla ya mazoezi | Ganzi, mikazo, kushtuka |

Mstari wa 27–29 ndio mashirika ya wagonjwa wa MS huko Marekani yanaoutaja kwa mazoezi ya majini: kati ya nyuzi 80 na 84 za Farenhaiti. Mstari wa 33–36 ndio unaowachanganya wengi, kwa sababu bwawa la hospitali linaitwa la tiba, na mtu anaona la tiba haliwezi kumdhuru. Lilipashwa joto kwa ajili ya wenye baridi yabisi na waliovunjika mifupa. Viungo vyao vinataka joto, na neva zao zina mielini kamili.

Ndoo, shawa, au bafu la kulala

Hapa ndoo inashinda. Ukijimwagia kwa kopo, maji yanagusa sehemu ya mwili kwa sekunde chache na kuondoka, na kati ya kopo na kopo ngozi iliyolowa inapoa kwa hewa. Hata maji yakiwa ya moto kidogo, joto linaloingia ni dogo. Kingine, ndoo inaisha. Shawa haina kikomo hadi mtu aamue, na mwenye uchovu wa MS akishapata starehe haamui upesi.

Kasoro ya ndoo ni kuinama. Anayepoteza usawa akifumba macho asiinamie ndoo iliyo sakafuni. Ndoo iwekwe juu ya stuli, na yeye akae kwenye kiti cha plastiki chenye miguu minne imara, kopo likiwa upande wa mkono wenye nguvu.

Kuchanganya maji kwa kukisia ndiko kunakoleta ajali, basi chukua vipimo hivi kwa ndoo ya lita 20, ukilenga nyuzi 33, yaani fufutende:

Pwani, ambako maji ya bomba yana nyuzi 28 hivi, lita 1 na nusu ya maji yanayochemka inatosha. Nairobi au Arusha, maji ya bomba yakiwa nyuzi 18, utahitaji kama lita 4, kwa kuwa huko juu maji yenyewe yanachemkia nyuzi 95 au chini yake. Maji baridi yatangulie ndooni, yachemkayo yafuate, kisha koroga. Ukianza na yachemkayo, siku utakayosahau hatua ya pili utaungua.

Usipime kwa mguu wako. MS mara nyingi huondoa hisi za joto miguuni na mikononi, na mtu anaweza kuingiza mguu kwenye maji ya nyuzi 60 akaona ya kawaida. Kwa nyuzi 60 ngozi inaungua ndani ya sekunde chache. Kwa 49 inachukua dakika kadhaa. Tumia kipimajoto cha kuogeshea watoto wachanga, au kiwiko cha mtu mwingine. Kama nyumba ina hita ya kuoga, irekebishwe isizidi nyuzi 49.

Shawa inafaa pale unapoweza kuoga umekaa, maji yasizidi nyuzi 35, kwa dakika 10. Adui wa shawa ni mvuke. Bafu dogo lisilo na dirisha likishajaa mvuke, jasho halikauki tena na mwili unakosa njia ya kupoa, hata kama maji ni ya fufutende. Fungua dirisha au acha mlango wazi kidogo. Komeo lisifungwe kwa vyovyote: miguu ikigoma, anayekuja kukusaidia asianze kwa kuvunja mlango.

Bafu la kulala linashika mkia. Mwili wote umezama, kutoka kunahitaji miguu ileile iliyolegea, na kuta zake zinateleza. Anayelipenda sana aweke maji ya nyuzi 33 hadi 34, yaishie kiunoni, na asiwe peke yake nyumbani. Miguu ikishaanza kuwa mizito, atoe kizibo maji yatoke kwanza, akae humo humo apoe, ndipo ainuke.

Kuna mtego mmoja ambao hauna habari na hita: tangi jeusi juu ya paa. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, maji yanayotoka kwenye bomba "baridi" kati ya saa 7 mchana na saa 12 jioni yamepikwa na jua tangu asubuhi, na yale yaliyolala kwenye bomba la juani yanaweza kuunguza. Jaza madumu alfajiri, uyaweke kivulini. Walioko Muscat na Dubai wana ujanja wao wa kiangazi: hita ya ndani inazimwa, maji yake yanapoa kwa joto la nyumba yenye kiyoyozi, na bomba lenye alama nyekundu ndilo linalogeuka kuwa la maji baridi. Ujanja huo unafanya kazi vizuri, ilimradi wote wa nyumbani waujue.

Na oga lini? Joto la mwili linashuka chini kabisa mnamo saa 10 au 11 alfajiri na kufika kilele jioni, kwa tofauti ya nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Maji yaleyale yaliyokuwa salama asubuhi yanaweza kukulegeza saa 11 jioni. Kwa wanawake kuna jambo la pili: baada ya yai kupevuka, mwili unapanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 na kukaa hapo mpaka hedhi. Anayeshangaa kwa nini wiki mbili maji yanamfaa na wiki mbili yanamchosha, aangalie kalenda yake.

Bwawa la hoteli, bwawa la tiba, au bahari

Mazoezi ya majini yanampa mwenye MS kitu asichokipata nchi kavu. Maji yakifika kiunoni, miguu inabeba kama nusu ya uzito; yakifika kifuani, theluthi hivi. Anayeyumba akitembea sebuleni anaweza kutembea humo bila fimbo. Tena maji yenyewe yanachukua joto la misuli papo hapo, ikiwa tu ni ya baridi kuliko ngozi.

Bahari ya Hindi katika mwambao wetu ina nyuzi 25 au 26 mwezi wa 8, na 29 hadi 30 mwezi wa 3 na wa 4. Kwa maneno mengine, kwa sehemu kubwa ya mwaka iko kwenye kiwango kinachotakiwa, na hailipiwi. Shida ni mambo yanayoizunguka. Maji yakipwa, yanayobaki kwenye madimbwi ya pwani yanachemshwa na jua. Nenda yakiwa yamejaa, na iwe kabla ya saa 3 asubuhi. Kutembea mchangani kurudi kwenye gari kunaweza kukupandisha joto lote ulilokwenda kulipunguza, basi kivuli na kiti viwe karibu. Miguu yenye ganzi haijui imekanyaga mwamba au mwiba, kwa hiyo viatu vya plastiki ni lazima. Mawimbi ya kusi yanamwangusha hata mwenye usawa wake. Ghuba ya Uajemi ni habari nyingine: mwezi wa 8 maji ya Dubai yanapita nyuzi 32, nayo kwa mazoezi ni mabaya kuliko bwawa la ndani.

Bwawa la hoteli linafaa kama lina kivuli na ngazi zenye mikono ya kushika. Ngazi ya chuma ya wima haifai. Unaweza kuingia kwayo na ukashindwa kutoka. Uliza joto la maji kabla ya kulipa. Wakikujibu kwamba ni mazuri tu, ingia na kipimajoto chako. Kina kifupi kisicho na kivuli kinaweza kuzidi cha katikati kwa nyuzi 2 au zaidi mchana.

Bwawa la tiba linabaki kwa wale ambao tatizo lao kubwa ni kukakamaa kwa misuli kuliko udhaifu, na ambao baridi inawakaza. Hao wakae kwenye nyuzi 33 kwa dakika 10, wanyooshwe na mtaalamu wa viungo, watoke. Kama ndilo bwawa pekee lililo karibu, ingia hadi kiunoni tu ili kifua, mikono na kichwa vipoe hewani, kunywa maji ya baridi katikati, na fanya mafungu ya dakika 5 yenye mapumziko ukingoni.

Chemchemi nazo zinaulizwa sana. Maji ya Kikuletwa karibu na Moshi yanaitwa Chemka lakini hayachemki wala hayana moto, na kwa wengi yanafaa. Yale ya Maji Moto kwenye Ziwa Manyara yanastahili jina lao; yatazame tu, usiingie.

Kupoza mwili: barafu, fulana, au kitambaa kilicholowa

Anayetaka maji ya moto kidogo, au anayelazimika kutoka mchana, anaweza kujiwekea akiba ya baridi kabla. Njia iliyopimwa ni kuzamisha miguu hadi kiunoni kwenye maji ya nyuzi 16 hadi 17 kwa nusu saa kabla ya mazoezi. Kwa kila lita 30 za maji ya bomba ya pwani, hiyo ni kilo 3 na nusu za barafu hivi. Njia nyepesi ni mikono tu, hadi viwiko, dakika 10 hadi 20 kwenye lita 10 za maji zilizotiwa kilo 1 ya barafu, ambazo zitatulia kwenye nyuzi 18. Miguu yenye ganzi au mzunguko mbaya wa damu isiwekwe kwenye barafu tupu, na mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza.

Maji ya kunywa pia yana nguvu kuliko yanavyodhaniwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney uliochapishwa mwaka 2018 uliwapandisha wenye MS kwenye baiskeli ya mazoezi katika chumba cha nyuzi 30. Siku walizokunywa maji ya nyuzi 1.5 kila baada ya dakika 15 walidumu karibu theluthi moja zaidi kuliko walipokunywa ya nyuzi 37, ingawa joto la ndani ya mwili halikutofautiana. Kuhisi baridi kinywani na tumboni peke yake kulisaidia. Chupa ya maji yenye barafu ndiyo kifaa cha bei ya chini kuliko vyote katika makala haya.

Ila wenye MS wengi wanajinyima maji kwa sababu kibofu hakiwapi subira, na upungufu wa maji unapunguza jasho. Dawa za kibofu kama oksibutinini na tolterodini nazo zinakausha jasho. Usiziache kwa shauri lako. Zungumza na aliyekuandikia, na siku za fukuto jua kwamba jasho lako halitoshi kukuokoa.

Sasa fulana za kupoza. Ziko za namna tatu, na kosa la wanunuzi wengi ni kuagiza ile inayosifiwa na watu wa nchi zenye hewa kavu.

Ya kulowesha inatumbukizwa majini dakika chache, inakamuliwa, inavaliwa. Nguvu yake inatokana na maji kukauka: lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua kilojuli 2,400, mara saba ya kilo ya barafu ikiyeyuka. Lakini lazima hewa ikubali kupokea mvuke huo. Dodoma, hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40, kitambaa kilicholowa kinaweza kushuka hadi nyuzi 20. Dar es Salaam wakati wa kaskazi, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, hakishuki chini ya 27 hata upepo uvume vipi, na pasipo upepo kinageuka koti la mvuke. Kwa hiyo Dodoma, Nairobi, Arusha na Nakuru, nunua hii, au lowesha tu kanga uitande mabegani. Matokeo yanakaribiana, na kanga unayo. Mwambao, fedha hizo zifanyie jambo jingine.

Ya barafu ina mifuko ya kuingiza vipande vilivyogandishwa, uzito wa kilo 2 hadi 3, na hudumu saa 1 hadi 2 kutegemea jua. Haijali unyevu. Kilo 2 za barafu zikiyeyuka zinachukua kilojuli 668, na hata nusu yake ikipotea hewani, iliyobaki inazidi sana zile 105 tulizozihesabu. Ubaya wake ni baridi kali: mishipa ya ngozi inajifunga, wengine wanapata mikazo, na barafu ikigusa ngozi yenye ganzi inaiunguza kama moto. Ivaliwe juu ya fulana ya pamba. Uzito nao unamchosha mwenye miguu dhaifu, kwa hiyo ni ya kukaa kuliko kutembea. Ya kienyeji inatengenezeka: kizibao chenye mifuko mingi, chupa bapa nne za nusu lita zilizogandishwa, kila moja ndani ya soksi. Wakati wa kugandisha usizijaze hadi juu, zitapasuka.

Ya tatu ina vifuko vya nta maalumu inayoganda kwenye nyuzi 14 au 15. Baridi yake ni ya kiasi, haikazi misuli, haiunguzi. Kwa kilo ileile inabeba karibu nusu ya uwezo wa barafu, na bei yake inauma, maana mara nyingi inaagizwa kutoka nje. Faida yake kwetu ni moja ambayo wauzaji hawaitangazi: haihitaji friza. Umeme ukikatika, ndoo ya maji yenye barafu ya kununua inaigandisha upya kwa nusu saa au zaidi kidogo. Kwa anayefanya kazi ofisini Mombasa au Dar na kupanda daladala jioni, hii ndiyo tungemshauri, kama mfuko unaruhusu. Usipoiweza, chupa mbili za barafu, moja shingoni na nyingine kwapani, zinakufikisha nyumbani.

Feni ina mpaka wake. Hewa ikizidi nyuzi 35 hivi, feni inayopuliza ngozi kavu inakuletea joto badala ya kuliondoa. Mwenye MS ambaye jasho lake ni haba anaufikia mpaka huo mapema kuliko jamaa zake, basi ajipake maji kwanza, ndipo awashe feni.

Joto la dawa za nyumbani

Kujifukiza ni mvuke, kichwa ndani ya blanketi, dakika 10 au 15. Kwa mwenye MS hilo ni bafu la mvuke lenye giza, nalo linaweza kufifisha macho upesi. Kama ni mafua, bakuli la maji ya moto mezani bila kujifunika linatoa mvuke wa kutosha puani. Sauna, kwa walioko Ulaya ya kaskazini, hufika nyuzi 70 hadi 100. Kavu au la, kwa asiyestahimili joto haina nafasi.

Kukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua kunahitaji busara zaidi, kwa kuwa hakuna bibi atakayekubali kuacha. Kitambaa cha moto tumboni kwa dakika chache hakipandishi joto la mwili wote kama kuzama kunavyofanya. Tatizo ni mengine mawili. Kwanza, mzazi mwenye ganzi tumboni au mapajani hatasema "bibi, unaniunguza", kwa hiyo mkandaji akigusishe kitambaa kwenye mkono wake mwenyewe wa ndani kila mara. Pili, miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua ndiyo kipindi ambacho MS hupenda kulipuka upya. Udhaifu mpya katika siku hizo usiwekewe lawama kwa maji ya moto peke yake, na wala usisubiriwe upite na arobaini.

Na walio kinyume: mwenye MS ambaye baridi ndiyo inayomkaza, akiishi Njombe au Limuru mwezi wa 7, atafaidika na maji ya nyuzi 35 hadi 36 kwa ndoo, sehemu moja ya mwili baada ya nyingine, na taulo karibu. Wapo pia wanaoteswa na vyote viwili, joto likiwalegeza na baridi ikiwakakamaza. Hao mlango wao ni mwembamba, nyuzi 30 hadi 33, na kipimajoto kwao ni muhimu kuliko kwa wote.

Dalili zisipoondoka mwili ukishapoa

Dalili za joto huondoka ndani ya dakika au saa chache. Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, huenda ni shambulio jipya la MS, na daktari wa neva ajulishwe. Ikiwa ipo na homa, tafuta kwanza kinachoileta. Katika maeneo yetu hiyo ina maana ya kipimo cha malaria siku hiyohiyo, na kipimo cha mkojo, hasa kwa anayetumia mpira wa mkojo. Homa ya nyuzi 38.5 inafanya ndani ya mwili kazi ileile ya beseni la maji ya moto, tofauti ni kwamba hapa hakuna pa kutoka. Mgonjwa anaweza kulala kitandani asiweze kuinua mguu, akaanzishiwa sindano za methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku 3 hadi 5 kana kwamba ni shambulio, kumbe ni vimelea vya malaria, na dawa hiyo inashusha kinga wakati inapohitajika. Paracetamoli, maji ya kunywa, kitambaa cha maji ya fufutende mwilini, na kipimo kabla ya sindano. Homa ikishuka na miguu ikarudi, kilichoigomesha kilikuwa joto, si shambulio jipya.